Chupa Ikiisha, Dawa Bado Imo

Ninyi mnaoanza kazi ya uhudumu wa wodi, muuguzi wenu kiongozi amenisumbua mwaka mzima. Kila tukikutana sokoni ananiambia, "Mama Skola, waandikie watoto. Wewe si una madaftari?" Madaftari ninayo kweli, manane, mengine yameliwa na mende pembeni. Lakini kuwa na madaftari si kuwa na hekima. Mimi niliishia darasa la saba. Humo nimeandika siku niliyopiga deki wodi mbili peke yangu, na siku mgonjwa aliponitapikia kiatu kipya, na mara nyingi sana nimeandika "leo sijui kama nimefanya vizuri," kisha sikueleza ni kitu gani. Kwa hiyo yachukueni haya kama maneno ya mtu aliyebeba ndoo zaidi ya miaka thelathini. Palipo na kosa niulizeni, msinifuate tu.

Nitawaambia kosa langu kubwa kuliko yote. Lilitaka kumkosesha wifi yangu matibabu ya saratani, na mimi ndiye niliyelibeba kwa mkono wangu, ndani ya kikapu. Naweza kulisimulia kwa sababu liliisha salama. Lisingeisha salama, sidhani kama ningeshika kalamu.

Ila nianze na mzee Angelus, maana bila yeye hamtanielewa.

Mzee Angelus ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Mahenge, mfupi, koti lake la kazi likimfika magotini. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Skolastika, daktari anasoma faili. Wewe faili halikuhusu. Wewe soma chini ya kitanda." Nilidhani ananidhihaki kwa sababu ya elimu yangu. Kumbe alikuwa ananipa kazi. Chini ya kitanda kuna ndoo, beseni, chupa, vifurushi vya ndugu. Mgonjwa anasema amekula vizuri, beseni linasema ametapika. Mgonjwa anasema hajambo, mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi iliyolala. "Ukiona mkojo wa chai," mzee alikuwa akisema, "usingoje kuulizwa. Acha deki hapo hapo, kamwambie muuguzi." Nimeacha deki mara nyingi maishani mwangu, na watu kadhaa wakawahiwa. Hilo nalisema bila majivuno, sifa ni za mzee.

Sasa, zamani hatukuwa na adabu na chupa za watu. Siku hizi ninyi mnafundishwa kuongea na mgonjwa. Sisi tulipewa amri fupi: ukikuta dawa ya miti, mwaga. Tulimwaga. Na ndugu wa wagonjwa nao walisoma mchezo wetu. Dawa ikahamia kwenye uji, kwenye chupa ya chai, kwenye mchuzi wa mboga. Mama mmoja alishonea mizizi ndani ya mto wa kulalia, nikautikisa ukalia kama kayamba. Tulikamata chupa moja, tano zikapita.

Siku moja nikakuta chupa ya soda chini ya mto wa bibi mmoja wa Uchindile, aliyekuwa akisubiri kupasuliwa mguu. Ndani maji yenye rangi kidogo. Nikamwaga kwenye sinki la chooni, nikarudi na chupa tupu nikijiona mlinzi wa taifa. Bibi alipiga kelele wodi nzima ikakaa kitako.

"Umemwaga maji ya baraka! Chooni! Ya parokia!"

"Bibi, mbona yana rangi?"

"Chupa ilikuwa na soda, mpumbavu wewe! Sasa mguu wangu atausimamia nani kesho, shetani?"

Nilikwenda parokiani kwa miguu na ile chupa, nikaomba ijazwe tena. Padri alicheka hadi akavua miwani. Bibi alipasuliwa, akapona, akaondoka bila kuniaga. Na mimi nikajiapia kwamba chupa ya mtu sitaigusa tena. Nawaambia kwa uzoefu, ukiapa kwa sababu ya aibu utakuja kukitumia kiapo hicho kujifichia. Mimi nilijifichia miaka mingi. Nikiona chupa nilikuwa nageuza uso, najiita mtu mwenye heshima.

Basi tuje kwa Teodora.

Teodora ni dada wa marehemu mume wangu, mkulima wa mpunga, mwenye ulimi wa wembe. Alipoambiwa ana saratani ya titi la kushoto alimwambia daktari, "Likate tu, hilo hata watoto walikuwa wanalikataa." Walilitoa. Kisha akapangiwa dripu sita za dawa ya saratani, moja kila baada ya wiki tatu, na kila kabla ya dripu anapimwa damu kuona kama mwili unaweza kuipokea. Akahamia kwangu Viwanja Sitini ili awe karibu na hospitali. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, na kwa bahati nilikuwa nafanya usafi katika chumba hicho hicho cha dripu.

Dripu ya kwanza ilipita. Ya pili ikamwangusha. Nywele zikatoka zote, mdomo ukajaa vidonda, nyayo zikawa zinamwaka moto. Akawa anakaa barazani na kilemba, anaangalia ugali kama anaangalia adui.

"Wifi," akaniambia, "mimi nilikuwa na kauvimbe tu. Hii dawa yenu ndiyo inayoniua."

Jirani yetu Mama Zuhura akasikia. Nataka kumtendea haki Mama Zuhura. Hakutulazimisha, na alisema kile anachokiamini, maana mjomba wake alipona tumbo kwa mganga mmoja. Akasema mganga huyo yuko kijijini Kisawasawa, Msukuma mfugaji aitwaye mzee Shija, ana mizizi na magome ya kusafisha damu, na bila shaka yatasafisha pia sumu ya dripu. Kisha akashusha sauti. "Ila usimwambie kwamba mgonjwa yuko kwenye dawa za hospitali. Akisikia hivyo hatoi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama na kujiuliza, kwa nini mganga akatae? Sikujiuliza. Badala yake nilitumia akili ya kazi yangu. Kwa miaka yote ile nimeangalia dripu zikiisha. Chupa ikikauka namwita muuguzi, muuguzi anachomoa, mimi nabeba chupa tupu kwenda kuitupa. Kwangu mimi, dawa ya dripu ilikuwa kitu kinachoanza saa fulani na kuisha saa fulani, na mwisho wake niliubeba mkononi. Teodora alikuwa amekaa wiki nzima bila dripu yoyote mkononi. Yuko kwenye dawa gani basi? Sioni. Nikajiona hata sidanganyi.

Nikapanda gari la Mang'ula nikashuka Kisawasawa. Nilimkuta mzee Shija zizini, anamkagua ndama kwato.

"Shikamoo, mzee. Mwangaluka."

"Marahaba. Mwangaluka, mwangaluka! Kisukuma umejifunzia wapi?"

"Ni hilo moja tu, mzee."

"Linatosha kuanzia."

Alinipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilikuwa nimekwenda na dharau kidogo, nakiri. Baadhi yetu wenyeji wa huku bondeni tulizoea kuwasema wafugaji kama watu wa kuja. Kisha akaniuliza, "Mgonjwa anatumia dawa ya hospitali?"

"Alitumia. Imekwisha."

"Imekwisha kabisa?"

"Kabisa. Niliiona chupa ikiwa tupu."

Akaniangalia kidogo, akaenda ndani, akarudi na mafungu matatu, nikayatia kikapuni. Nilipika mwenyewe, nikajaza dumu la lita tano, na nikaweka sharti langu la kitaalamu. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, lakini siku ya dripu asinywe, zisije zikagongana. Kila kikombe nilikiandika kwenye daftari na saa yake. Nilikuwa makini sana katika upumbavu wangu.

Na haki niiseme hapa pia. Teodora alipata nafuu siku za kwanza. Alikula, alichambua majirani wawili, akaimba. Pengine ni mizizi, pengine ni kwa sababu dripu ya pili ilikuwa imeanza kukaa mbali, pengine ni kwa sababu kuna mtu alikuwa anampikia kitu kwa mapenzi. Sijui. Kumbukeni kwamba mgonjwa anayejificha na chupa mara nyingi hana ukaidi. Ameona nafuu, na anaogopa kunyang'anywa.

Siku ya dripu ya tatu ikafika. Muuguzi akamuuliza anavyouliza kila mtu, "Mama, unatumia dawa zozote za miti shamba?"

"Hapana, mwanangu," akajibu Teodora, kisha akanitazama. Mimi nikaendelea kupiga deki mahali palipokwisha kukauka.

Damu ilirudi vibaya. Vipimo vya ini vilikuwa vimepanda. Daktari wake, binti mpole anayeitwa Daktari Nuru, akaahirisha dripu kwa wiki moja. Wiki ikaisha, damu ikapimwa tena, ini limepanda zaidi. Safari hii aliniita mimi pembeni.

"Shikamoo, Mama Skola."

"Marahaba, daktari."

"Ini la wifi yako linanitesa. Nyumbani anakula nini?"

"Uji, wali, samaki, mboga."

"Hakuna mizizi? Majani? Unga wa kuchanganya kwenye uji?"

"Hakuna, daktari."

Akapumua. "Wengine huwa nawauliza mara tatu. Wewe nakuamini, uko nasi siku zote." Kisha akaniambia jambo ambalo bado nalisikia. Kwamba dawa ile inategemea ini, na ini likiendelea hivyo, wiki ijayo ataisimamisha. Na hana dawa nyingine anayoiamini kama hiyo ya kuweka mahali pake.

Nikasema nimeelewa. Nikachukua ndoo yangu nikaenda.

Alasiri ile nyumbani nilitoa beseni la Teodora nje kwenda kumwaga. Jua lilikuwa linawaka, nikaona vizuri. Mkojo ulikuwa chai ya rangi. Nikasimama uani na beseni mkononi kama mtu aliyesahau njia ya choo. Angekuwa mgonjwa mwingine yeyote, wa kitanda chochote, ningekuwa nimeshaacha deki. Kwenye daftari la siku hiyo nimeandika mstari mmoja tu: "Leo nimeona mkojo wa chai na sikukimbia."

Asubuhi nikalitia lile dumu kwenye kikapu. Teodora aliniona.

"Unakwenda nalo wapi?"

"Kwa daktari."

"Umechanganyikiwa. Watakufukuza, na kustaafu umeshakaribia."

"Wanifukuze."

"Wewe ndiye uliyeileta, wewe ndiye uliyeipika, na wewe ndiye unayenichongea! Hata Yuda alichagua upande mmoja, wifi!"

"Vaa, twende wote. Utanitukana njiani."

Alinitukana njiani. Alikuwa dhaifu, kwa hiyo alinitukana kwa vituo.

Kwa daktari niliweka dumu juu ya meza, katikati ya mafaili, nikasema yote kwa mkupuo kabla sijaogopa. Nilisema kwamba yeye aliniuliza nami nikamdanganya. Daktari Nuru hakupiga kelele. Alifunga kalamu, akaifungua, akauliza mambo matatu. Tangu lini? Kikombe cha ukubwa gani? Mara ngapi kwa siku? Nikatoa daftari. Akasoma ukurasa kwa ukurasa, akanitazama kwa mshangao. Humo hamkuwa na uongo hata mstari mmoja. Uongo wote ulikuwa mdomoni.

"Mbona siku za dripu hakunywa?"

"Nilitaka zisigongane, daktari. Nikajua dripu ikitoka, dawa imekwisha."

"Dripu imetoka mkononi tu, Mama Skola. Dawa inabaki ndani, inafanya kazi, na kazi yake haiishi siku ile. Na ini ndilo linaloivunja na kuitoa." Akamgeukia Teodora. "Mama, wewe unalima mpunga. Unapeleka mashineni kukoboa?"

"Napeleka. Mnafikiri nakoboa kwa meno?"

"Ini ni mashine hiyo. Dawa yangu nimeipima kwa mashine moja, inayokwenda mwendo ninaoujua. Sasa kuna mizizi inayoifanya mashine ikimbie, dawa inatolewa nje kabla haijaufikia ugonjwa, na wewe unateseka bure. Kuna mingine inaikwamisha, dawa inarundikana ndani hadi inakuwa sumu. Na kuna mingine inaharibu mashine yenyewe. Hii ya kwenu ni ipi kati ya hizo? Sijui. Ndiyo maana naogopa."

"Kwa hiyo miti yote mibaya," akasema Teodora. "Babu zetu wote walikuwa wajinga."

"Sijasema hivyo, mama. Hii dawa ninayokutundikia mwenyewe, asili yake ilitoka kwenye gome la mti."

Teodora akakaa wima. "Gome?"

"Gome la mti wa nchi za mbali."

"Sasa mbona mnanikataza wa kwetu!"

"Kwa sababu najua gome linaweza kufanya nini," akasema daktari. "Magome mawili makali kwenye ini moja, na mojawapo sijui hata jina lake."

Teodora akalisukuma dumu upande wa daktari. Tukaambiwa wiki mbili bila kitu chochote, wala mizizi wala unga wala chai ya majani ya ajabu, kisha damu ipimwe. Ini likishuka, dripu zinaendelea. Lisiposhuka, ndiyo basi ya dawa hiyo. Na mimi nikatafute majina ya ile mizizi. Muuguzi kiongozi alinipa onyo, na nilistahili zaidi ya lile.

Nikarudi Kisawasawa. Huko niliogopa kuliko kwa daktari. Nikamweleza mzee Shija kwamba mgonjwa alikuwa katikati ya dripu za saratani, na kwamba nilijua hatanipa, nikanyamaza.

Mzee alikasirika kweli. Alisimama akatembea hadi mwisho wa zizi akarudi.

"Mama, wewe kazi yako nini?"

"Mhudumu, hospitalini."

"Hospitalini!" Akawaita ng'ombe kama mashahidi. "Sikilizeni huyu! Ng'ombe wangu akichomwa sindano na bwana mifugo, tunaambiwa maziwa yake tusinywe siku kadhaa. Si sindano imeshatoka? Si bomba limeshatupwa? Kwa nini tusinywe?"

Nikajibu polepole kama mtoto wa shule. "Kwa sababu dawa bado imo."

"Bado imo! Mimi darasa sijalikalia, nalijua hilo. Ndiyo maana nauliza kabla ya kutoa. Wewe umezeekea kwenye dawa, hujui?"

Sikujua. Nawaandikia hivyo hivyo, vijana wangu, sikujua. Niliangalia chupa miaka yote, mfugaji akaangalia maziwa, na mfugaji ndiye aliyeona. Alipotulia alinifungia vipande vya kila mzizi kwenye karatasi, akanitajia majina kwa Kisukuma, na yale ya Kiswahili aliyoyajua, akasema, "Mpe daktari. Mwambie na mimi nataka kujua upi ndio mkorofi." Daktari aliyapokea. Mmoja aliutambua, akasema watu wamewahi kuandika kwamba unaweza kuumiza ini. Miwili hakuijua, na alisema wazi kwamba haijui. Nikampelekea mzee Shija jibu hilo, na Teodora nikamsimulia ile habari ya maziwa ya ng'ombe wa sindano.

Kisha wiki mbili za kungoja. Siku tatu za mwanzo Teodora hakuongea nami. Aliongea na kuku. "Kuku, mwambie mwenye nyumba chumvi imezidi." Nami namjibu kuku, "Mwambie mgeni chumvi iko sawa, vidonda vya mdomo ndivyo vinavyoonja vibaya." Siku ya nne alicheka, akasahau kwamba amenuna. Mimi kila asubuhi nilitoa beseni nje juani, naangalia. Chai ya rangi ikawa chai hafifu. Ikapauka. Siku moja nikamwita Mama Zuhura aje aangalie mkojo wa wifi yangu, na Mama Zuhura, kwa wema wake, akaja akaangalia.

Siku ya majibu nilikuwa zamu. Nilimwona Daktari Nuru anakuja na karatasi mkononi, anatembea haraka. Nikageuza ndoo kifudifudi nikakaa juu yake katikati ya korido.

"Limeshuka," akasema. "Halijafika chini kabisa, ila limeshuka vizuri. Kesho tunatundika."

Nililia pale pale juu ya ndoo. Daktari akachuchumaa kando yangu, akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Mama Skola, usiandike kwenye daftari lako kwamba ni mizizi. Siwezi kuapa. Huenda ini lingeshuka lenyewe. Andika kwamba tuliacha, na likashuka." Nikaandika hivyo hivyo.

Sasa yale ya kazi, kabla sijasahau. Usimuulize mgonjwa kama anatumia miti shamba huku umeshika fagio kama rungu, atasema hapana. Mkalie karibu, muulize, "Leo tangu uamke umekunywa nini?" Atakuambia uji, na ndani ya uji kulikuwa na kijiko cha mlonge, na jana jagi la tangawizi na kitunguu saumu. Tangawizi kidogo kwenye chai si sawa na jagi zima lililosagwa asubuhi na jioni, maana vitu hivyo vikizidi vinaweza kuifanya damu isigande upesi, na dawa za saratani zenyewe zinaweza kufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo hata kitu cha jikoni kikizidi, kisemwe. Usimwage. Usicheke. Na usitoe hukumu yako mwenyewe, wala usimwambie mgonjwa aache hiki au anywe kile, maana mimi nilikuwa na sharti langu la kitaalamu na mmeona lilivyotufikisha. Chupa ipelekwe kwa muuguzi ikiwa na vyote vilivyomo. Na kama mkosaji ni wewe, jitaje mapema. Maneno hayo hayapungui uzito kwa kukaa.

Dripu ya nne ikapita, ya tano ikapita kwa shida, na ya sita ilinikuta nimeshastaafu. Nilikaa kwenye kiti cha ndugu wa mgonjwa kwa mara ya kwanza, mikono haina deki, sijui niiweke wapi. Chupa ilikuwa inakaribia mwisho tuliposikia mtu anabisha hodi mlangoni. Alikuwa mzee Shija, amevaa shuka jipya, amebeba dumu dogo la maziwa.

Hakuingia. Alisimama kizingitini, akamwita muuguzi, akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Binti, haya nimemletea mgonjwa. Yanaruhusiwa, au hayaruhusiwi?"

"Maziwa yanaruhusiwa, babu. Yamechemshwa?"

"Mabichi, ya asubuhi hii."

"Basi hapana. Mpaka yachemshwe."

Mzee akanigeukia mimi. "Umesikia, mtaalamu? Kachemshe."

Teodora alicheka hadi muuguzi akamshika mkono ili kanula, kale kamrija ka dripu kwenye mshipa, isitoke. Kisha chupa ikakauka, ikachomolewa, na kwa mazoea nikanyoosha mkono niibebe. Mhudumu wa zamu, mmoja wenu, akaniwahi. Teodora akaitazama ikienda.

"Imekwisha, wifi?"

"Chupa ndiyo imekwisha."

"Najua," akasema. "Mimi bado ni maziwa ya ng'ombe wa sindano. Mzee, usininywe."

Nikaenda jikoni kwa ndugu wa wagonjwa, nikayachemsha, nikasubiri yapoe, nikamletea. Alikunywa yote, akajifuta mdomo kwa pindo la kanga. Nikafungua daftari, nikatazama saa ya ukutani, nikaandika: maziwa, kikombe kimoja, yamechemshwa, muuguzi anajua.